Kisima kikavu cha Mitundu

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, leo naomba tuzungumze juu ya mchanga. Najua wapo watakaosema mtangazaji ameishiwa habari, maana hapa mjini mchanga ni kitu cha kumwagwa na lori mbele ya nyumba, kujengea ukuta, na kugombana na jirani aliyezibiwa njia. Lakini nivumilie kidogo. Mchanga ninaousema ni wa mto, na habari yake inahusu maji ya kunywa, inahusu reli ya kati, na inahusu fedha ambazo wewe na mimi tunakatwa kodi.

Nilikuwa Mitundu, mkoani Singida. Asiyepajua, na ashuke Itigi kwenye reli ya kati, kisha ashike barabara ya kusini iendayo Rungwa, Makongolosi, Chunya hadi Mbeya. Mitundu ni kata ya Halmashauri ya Itigi, wilayani Manyoni, katika nchi ya vichaka vya Itigi, vichaka vizito ambavyo mtu akitoka njiani hatua ishirini tu mwenzake hamuoni tena. Jioni moja mwenyeji wangu alinichukua hadi korongoni nikaone watu wanavyochota maji.

Korongo lenyewe lilikuwa kavu, jeupe kwa mchanga. Katikati akina mama walikuwa wamechimba shimo la kufika kiunoni kwa mtu mzima, na chini yake maji yalikuwa yakichuruzika polepole. Mmoja alishuka na kata, akachota, akasubiri shimo lijae, akachota tena. Hadi ndoo moja ijae, ungeweza kusikiliza taarifa ya habari yote na matangazo ya vifo juu yake. Hatua kama mia tatu kutoka pale, juu ya ukingo, lilisimama bomba la kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine miaka michache iliyopita. Niliambiwa kisima hicho hakijawahi kutoa maji hata siku moja. Watoto walikuwa wamefungia mbuzi kwenye bomba lake.

Pembeni alikaa mzee mmoja. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza, mzee wangu, imekuwaje mashine ikose maji kule juu, na hawa mama wayapate hapa kwa mikono? Mzee akacheka. "Walichimba pale kwa sababu gari lilifika pale," akasema. "Mto wa zamani haukupita pale. Ulipita kule kwenye mikuyu." Akanyosha fimbo yake kuelekea mstari wa mikuyu iliyosimama mbali kabisa na korongo la leo. Habari hiyo aliipata kwa babu yake.

Nikamwuliza swali la pili: waliochimba walikuta nini huko chini? Udongo gani, mwamba mita ngapi, unyevu uliishia wapi? "Hatukuambiwa. Walikunja vyombo vyao wakaenda." Niliwauliza na watu wengine watatu wanne wa pale. Hakuna aliyewahi kuona karatasi yoyote.

Ndugu zangu, jibu hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi kuliko lile la kwanza. Kisima kukosa maji ni bahati mbaya, na yaweza kumpata yeyote. Lakini kuchimba shimo refu kwenye ardhi, ukaipekua ardhi kurasa zote, halafu ukaondoka bila kuandika ulichosoma, hiyo si bahati mbaya. Ili nieleze kwa nini nasema hivyo, hebu kwanza tuelewane mto unafanya nini unapofurika.

Maji yaendayo kasi yana nguvu ya kubeba mawe na changarawe. Yakipunguza mwendo huangusha changarawe kwanza, kisha mchanga, na mwisho kabisa, yakishatandaa mbugani na kutulia, huangusha tope laini la mfinyanzi. Kwa hiyo mkondoni hubaki mchanga, na mbali na mkondo hubaki mfinyanzi. Mwaka mwingine mto huchoka njia yake, huvunja ukingo na kuhamia upande wa pili. Njia ya zamani hufunikwa na tope la mafuriko yanayofuata, majani huota juu yake, na baada ya vizazi viwili vitatu hakuna ajuaye, isipokuwa mikuyu ambayo mizizi yake bado inakunywa.

Matokeo yake ni kwamba bonde unaloliona tambarare kama uwanja wa mpira lina mikondo ya kale ya mchanga iliyozikwa ndani ya mfinyanzi. Mchanga hupokea maji na kuyaachia. Mfinyanzi huyashika na kuyang'ang'ania kama mkopaji sugu. Ndiyo maana visima viwili vikiachana hatua hamsini, kimoja hunywesha kijiji na kingine hufungiwa mbuzi. Mashapo hayo, yaani mchanga na tope vilivyowekwa na mto tabaka juu ya tabaka, ndiyo kumbukumbu ya mto mwenyewe. Kila furiko lina ukurasa wake.

Sasa historia ya nchi ile, ukiitazama vizuri, ni historia ya watu waliojaribu kuzisoma kurasa hizo bila kuziona. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipomaliza Ugogo iliingia pori lililoitwa Mgunda Mkali. Sehemu kubwa ya pori hilo ni Manyoni ya leo. Burton na Speke walilikata mwaka 1857. Jina lenyewe linajieleza: lilikuwa pori kavu, na wapagazi waliliogopa. Walikuwa na desturi yao waliyoiita tirikeza: kuondoka kambini alasiri mkiwa mmeshakunywa na kujaza vibuyu, kutembea hadi usiku, kulala pasipo maji, na kuamka alfajiri kuyawahi maji yaliyo mbele. Tirikeza haifanyiki kwa kubahatisha. Ilimtaka kiongozi wa msafara ajue dimbwi liko wapi, na katika mwezi gani mchanga wa korongo fulani bado una kitu. Aliyekosea, mizigo yake ilibaki njiani pamoja na wenye kuibeba.

Kusini mwa njia hiyo, kwenye misitu ya Wakimbu, Nyungu ya Mawe alijenga dola yake ya kivita hadi alipofariki mwaka 1884. Padri Aylward Shorter aliandika historia ya utawala wa Wakimbu katika kitabu kilichotoka mwaka 1972, na aliipata kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza. Nalitaja hilo kwa makusudi. Wakati huo huo ambapo wengine walipima mawe, huyu aliona kuwa wazee nao ni hazina ya kupimwa.

Baada ya misafara ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, mwaka 1910 Dodoma, mwaka 1912 Tabora, na mwaka 1914 Kigoma. Ili treni ipande kutoka nchi ya chini hadi nyanda za kati pasipo mlima mkali, njia nyepesi ilikuwa kufuata bonde la mto: Kilosa, kando ya Mkondoa, hadi Gulwe, na kuendelea juu kwenye nchi ya Kinyasungwe. Mhandisi hupenda bonde kwa sababu mto umekwisha kumsawazishia njia. Lakini mto haukusawazisha bonde kwa ajili ya reli. Umelisawazisha kwa kufurika, na utarudi.

Na ulirudi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu barabara na reli katika nchi nzima. Desemba 2009 na Januari 2010 Kilosa ilifunikwa na maji, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na tuta la reli likachukuliwa. Treni ikikwama Kilosa, mtu wa Itigi na wa Mitundu anaona kwenye bei ya sukari na saruji, ingawa kwake hakukunyesha tone. Katika muongo wa 2010 wataalamu wa shirika la JICA la Japani walifanya uchunguzi maalumu wa namna ya kuikinga reli ile na mafuriko. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ilipitishwa kwenye mahandaki katika milima ya Kilosa.

Sisemi kwamba Wajerumani hawakupima. Walipima sana, lakini walipima kilichoonekana: mteremko, upana wa mto, urefu wa daraja. Kilichokuwa chini ya nyasi hawakuwa na jicho la kukiona. Na hapa historia ina kituko chake. Mwaka ule ule wa 1910 reli ilipofika Dodoma, huko huko Ujerumani wanasayansi wawili, Gotthelf Leimbach na Heinrich Löwy, waliandikisha uvumbuzi wa kutumia mawimbi ya redio kutafuta vitu vilivyofichika ardhini. Jicho lilikuwa limeanza kufumbuka, ila lilichukua miaka mingi kuona sawasawa. Mwaka 1929 mawimbi hayo yalitumika kupima unene wa barafu ya mlimani huko Austria. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Misri, M. A. H. El-Said, alichapisha majaribio yake ya kutafuta kina cha maji chini ya jangwa kwa redio. Mwaka 1972 chombo cha Apollo 17 kilibeba mtambo wa aina hiyo kwenda kupeleleza chini ya uso wa Mwezi. Leo mtambo huo hukokotwa ardhini kama toroli, na huitwa rada ya kupenya ardhi.

Mimi ni mtu wa redio, kwa hiyo ruhusa nijivunie kidogo. Antena inayotumika sana kwenye mchanga wa mito ni ya megahezi 100. Sasa itazame redio yako hapo mezani: masafa ya FM huanzia 88 na kuishia 108. Ni mawimbi ya ukoo mmoja! Tofauti ni kwamba mimi nakutumia sauti kupitia hewani, na rada hutuma mpigo mfupi mno kwenda chini, kisha hunyamaza na kutega sikio. Mpigo ukikuta mahali udongo unapobadilika, mathalani mchanga unapogusana na mfinyanzi, au mchanga mkavu unapogusana na uliolowa, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mtambo huandika mwangwi umechukua muda gani. Mwendeshaji husogea hatua, hutuma tena, na tena, hadi kompyuta itakapochora picha ya tabaka kana kwamba ardhi imekatwa kwa kisu kama mkate. Mkondo wa kale huonekana kama bakuli lililozikwa.

Ufundi huu haukuishia maabara. Mwaka 1981 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipita juu ya jangwa la Sahara kikiwa na rada ya kuchora ardhi. Hiyo si ile ya kukokotwa, ila ni ndugu yake. Kwenye mchanga mkavu wa kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, mahali ambapo macho huona uwanda mtupu, picha zilionyesha mabonde ya mito yaliyozikwa. Watafiti walipokwenda kuchimba walikuta kweli mashapo ya mito, na kando yake zana za mawe za watu wa kale. Watu wale walikuwa wamekaa kandokando ya maji ambayo sisi tumechelewa kuyaona. Na katika miaka ya 1990 wataalamu huko Uswisi walitumia rada ya ardhini kuchora changarawe za Mto Rhine, ili wajue maji ya kunywa yanapita wapi kati ya tabaka na tabaka.

Ukifika hapo, ndugu msikilizaji, unaweza kusema: basi tatizo limekwisha, inunuliwe rada ipelekwe Mitundu. La, subiri. Hapa ndipo napenda tuwe waangalifu, maana mjini tunapenda mashine kuliko tunavyopenda maarifa.

Kwanza, rada haipimi kina. Inapima muda. Kina tunakipiga hesabu sisi. Chukua mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 40; nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika mchanga mkavu mawimbi hukimbia sentimeta 15 hivi kwa kila nanosekunde. Kwenda na kurudi ni sentimeta 600, kwa hiyo tabaka liko mita 3 chini. Lakini ikiwa mchanga umejaa maji, mawimbi hujikokota sentimeta 6 tu kwa nanosekunde, na tabaka lile lile linakuwa kwenye sentimeta 120. Ni mwangwi mmoja wenye majibu mawili, na tofauti yake inazidi urefu wa mtu! Lipi ni la kweli? Rada pekee haitakwambia. Ni lazima pawepo shimo moja lililochimbwa kwa jembe au keekee ya udongo, mtu akaandika: mchanga hadi hapa, maji hapa, mfinyanzi hapa. Ukiwa na shimo hilo moja, rada inaweza kukusomea kilometa nzima.

Pili, rada ina upofu wake. Mfinyanzi na chumvi hunyonya mawimbi. Kwenye mchanga mkavu rada yaweza kuona mita kumi na zaidi. Kwenye mbuga nyeusi, ile inayokwamisha magari masika na kupasuka nyufa kiangazi, huenda isifikishe hata mita moja. Nyanda za kati zina mbuga nyingi za aina hiyo, na zina maeneo ya chumvi kama kule Bahi. Tena zina tabaka gumu ambalo wanajiolojia wameliita Saruji ya Kilimatinde, mashapo ya kale yaliyoshikana yakawa kama zege. Mwangwi wa tabaka gumu ukitokea kwenye kompyuta hauji na jina lake. Asiyewahi kuliona kwa macho anaweza kudhani amefika kwenye mwamba mama.

Kwa hiyo rada ni jicho zuri la mchanga, na ni kipofu wa tope. Anayekuuzia mashine ambayo eti inaona maji popote pale, kwenye udongo wowote, huyo anauza hirizi yenye betri.

Je, hapa kwetu tumewahi kuzisoma kurasa za mto kwa uangalifu? Tumewahi, na ni jirani tu na Mitundu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden walifanya kazi kubwa ya kuchunguza mmomonyoko wa udongo Tanzania. Karibu na Dodoma walichunguza mabwawa manne: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walitaka kujua mchanga na tope kiasi gani vinaingia humo kila mwaka, na bwawa litaishi miaka mingapi kabla halijawa shamba. Hawakuwa na mitambo ya ajabu. Walipima, wakaandika, wakachapisha, na ndiyo maana leo mimi na wewe tunaweza kuzungumza habari zake.

Mfano mkubwa zaidi ni Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma. Usiichanganye na Makutupora ya Manyoni iliyo kwenye reli ya SGR. Makutupora ya Dodoma ndiko vilipo visima vinavyounywesha mji mkuu. Tangu katikati ya miaka ya 1950 watu walikuwa wakishusha kipimo kwenye visima vya pale, wakaandika maji yako mita ngapi chini. Nafikiri sana juu ya watu hao. Walikuwa makarani na mafundi ambao majina yao hayatajwi redioni. Serikali ya mkoloni ikaondoka, uhuru ukaja, Azimio la Arusha likaja, vita vya Kagera vikapita, vyama vingi vikaingia, na mtu bado anashusha kipimo na kuandika.

Mwaka 2013 wanasayansi wa Tanzania na Uingereza walichapisha walichokiona kwenye kumbukumbu hizo za miaka 55. Waliona kuwa visima vile havijazwi na kila mvua. Kwa miaka mingi maji hushuka tu, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na ndio unaojaza akiba. Mjazo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa El Niño ya 1997 na 1998. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kazi ya mito ya msimu kama Kinyasungwe Mdogo: maji yakipita mkondoni, huzama kupitia mchanga wa kitanda cha mto na kuingia ardhini.

Hebu liangalie jambo hilo vizuri. Mvua zile zile za El Niño tulizozilaani kwa kuvunja reli na madaraja ndizo zilizoweka akiba ya maji ya Dodoma. Mto huo huo wa Kinyasungwe, unaonywesha visima huku juu, ndio unaoshuka Gulwe na Kilosa kuitisha reli. Sisi tuliandika hasara kwenye magazeti yote. Faida iliandikwa na karani mmoja mwenye kipimo cha kamba na daftari. Bila daftari lile tungebaki na laana peke yake. Na Dodoma ya leo, baada ya Serikali kuhamia huko kuanzia mwaka 2016, ina haja kubwa zaidi ya kujua akiba hiyo itachukua muda gani.

Umefanyika pia uchunguzi wa bonde la Usangu, kwenye uwanda wa mafuriko wa Ruaha Mkuu, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilishiriki. Hawa walitumia mbinu ya kupitisha umeme ardhini, ambayo huvumilia mfinyanzi kuliko rada.  Maana yake ni kwamba zana zipo, na wataalamu wetu wanazijua. Penye mchanga, rada. Penye tope, umeme. Penye shaka, keekee. Na kila mahali, mzee wa mikuyu.

Sasa turudi Mitundu. Kisima kile kikavu kiligharimu fedha. Wengi tunaona kuwa zimepotea zote. Mimi nasema zilipotea mara mbili. Mara ya kwanza maji yalipokosekana. Mara ya pili waliochimba walipoondoka na walichokiona. Maana shimo kavu nalo ni ukurasa: linasema hapa ni mfinyanzi hadi mita kadhaa, hapa pana tabaka gumu, mkondo wa kale hauko upande huu. Kesho mtaalamu akija na rada yake, ukurasa huo ndio ungemwambia mwangwi wake ni mita 3 au sentimeta 120. Bila huo, ataanza tena sifuri, na akina mama wataendelea kusubiri shimo lijae kata kwa kata.

Sheria zetu za maji zinadai visima viwe na kibali na kumbukumbu, na mabonde ya maji yana ofisi zake. Ninachokililia mimi ni kidogo zaidi ya hapo: nakala moja ibaki kijijini. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliobandikwa palipo na kivuli, unaosema tulichimba hapa tarehe fulani, mita hii hadi hii mchanga, mita hii hadi hii mfinyanzi, maji tumeyakuta au hatukuyakuta. Mkandarasi asilipwe mwisho wake hadi karatasi hiyo ipokelewe mbele ya wananchi. Haihitaji mkopo wa nje wala mgeni rasmi.

Na ninyi wenzangu wa mjini mnaochimba visima nyuma ya nyumba zenu, msicheke. Mmeweka wapi karatasi yenu? Mafundi walipoondoka, walikwambia walikuta nini? Au na wewe ulifurahia maji, ukawapa chao na soda juu yake, wakaenda zao?

Haba na haba hujaza kibaba. Vibuyu vya tirikeza vilijazwa na watu waliojua dimbwi liko wapi, na walijua kwa sababu waliotangulia waliwaambia. Siku ninaondoka Mitundu nilipita kumuaga mzee. Nikamwomba anionyeshe tena ile mikuyu, nikaihesabu, nikaandika kwenye daftari langu mstari wake unaanzia wapi na unaishia wapi. Akaniuliza ninaandika nini. Nikamwambia, maneno yako, mzee wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi uwaachie na wajukuu zangu nakala."

Niliiacha. Kwa leo naishia hapo. Alamsiki.